Maswali ya Wasomaji: Upote Upi Unaufaa Upinde Wako?

Tangu tulipochapisha makala kuhusu uchongaji wa pinde za mti mmoja, sehemu kubwa ya barua za wasomaji imehusu upote, yaani uzi wa upinde unaousukuma mshale, au ugwe, kama wengine wanavyouita. Tumechagua barua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na tumezifupisha bila kubadili maana.

Ndugu Mhariri, kikundi chetu cha utamaduni kina pinde za mti wa mkole ambazo mzee mmoja wa kijijini alituchongea. Upote wa kano uliokuwapo umekwisha, na sasa vijana wanatumia kamba ya manila ya dukani. Mmoja wao ametia waya wa breki ya baiskeli kwa hoja kwamba haukatiki. Mishale haifiki mbali kama zamani, na upinde wenye waya umepasuka nchani. Tutumie nini? — Msomaji, Kitui

Ndugu msomaji, kabla ya kuendelea kusoma, uondoeni waya huo kama bado uko juu ya upinde mwingine wowote. Ni kweli kwamba waya wa breki una nguvu nyingi, lakini nguvu si swali la kwanza katika kuchagua upote. Maswali ya kwanza ni mawili: uzi huo hurefuka kiasi gani unapovutwa, na una uzito gani. Waya karibu haurefuki kabisa, kwa hiyo mshale unapoondoka na upote kukazika ghafla, mshtuko wote huishia kwenye mikato ya nchani inayoshika vitanzi vya upote, ambako mti ni mwembamba kuliko mahali pengine pote. Ndiyo sababu upinde wenu umepasuka hapo wala si katikati. Zaidi ya hayo, waya ni mzito, na nyuzi zake za chuma huchoka ndani kwa ndani kwa kupindwapindwa mpaka zikakatika bila dalili ya nje. Waya uliokatika ukiwa umevutwa unaweza kumpofua mtu.

Kamba ya manila ina kasoro iliyo kinyume na hiyo. Manila za madukani siku hizi kwa kawaida ni za nailoni au polipropilini, na nailoni huweza kurefuka kwa zaidi ya asilimia 15 kabla ya kukatika. Upote wa namna hiyo hulegea kila upinde unapovutwa, nafasi kati ya mshiko na upote hupungua kadiri siku inavyosonga, na nguvu ambayo ingeusukuma mshale hupotea katika kuuvuta na kuurejesha uzi wenyewe. Vijana wenu wataona kwamba jua likiwa kali mishale huanguka karibu zaidi kuliko asubuhi, kisha watamlaumu mchongaji wa pinde, ambaye hana kosa lolote.

Uzito nao una hesabu yake, ambayo ni vizuri kila fundi wa pinde aijue. Upinde unapoachiwa, upote hukimbia pamoja na mshale, na takriban theluthi moja ya uzito wa upote huhesabika kana kwamba umefungwa kwenye mshale wenyewe. Upote wa gramu 12 ni sawa na kuuongezea mshale gramu 4, na kitu chochote kizito kilichozongwa katikati ya upote, mahali pa kuwekea mshale, hudhuru zaidi kuliko kilichozongwa karibu na ncha, kwa sababu katikati ndiko kunakokwenda kasi zaidi. Kwa hiyo kuufanya upote mnene mara mbili kwa ajili ya usalama ni kuupunguza upinde mwendo.

Kwa upinde wa mti mtupu usioimarishwa nchani, ushauri wangu ni poliesta. Wapiga mishale wa Ulaya na Marekani huiita Dacron, jina la kibiashara lililotolewa na kampuni ya DuPont, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa nyuzi ya kawaida ya pinde za mti. Hurefuka kiasi cha kumeza mshtuko, lakini si kiasi cha kulegea kama nailoni; maji hayaidhuru, na haiozi. Uzi mmoja wa Dacron wa upote hubeba takriban kilo 22 kabla ya kukatika. Kama hamuwezi kuagiza uzi huo, uzi mnene wa poliesta unaouzwa kwa washona turubai, mikoba na viatu utafaa, ilimradi mhakikishe kwamba ni poliesta kweli, kwa maana wauzaji wengi huita kila uzi unaong'aa nailoni. Ukichovya kipande kwenye maji na kukikamua hewa, poliesta na nailoni huzama, lakini polipropilini huelea. Hiyo itawaondolea aina moja isiyofaa. Kutofautisha poliesta na nailoni, sokoteni kipande cha urefu wa mita moja kutokana na kila uzi, vyote kwa unene mmoja, kisha kitundikieni kila kimoja mzigo ule ule na mpime kwa utepe wa fundi cherehani. Kitakachorefuka zaidi kiacheni.

Ili kujua idadi ya nyuzi, msikisie. Pimeni kwanza uzito wa kuvuta upinde kwa mizani ya ndoano, ile ya wauza nyama, mkiuvuta kufikia urefu wa mshale wenu. Kisha chukueni uzi mmoja, ufungeni kwenye tawi kwa kuuzungusha mara nyingi badala ya kuupiga fundo, tundikeni ndoo, na mtie maji lita moja moja mpaka ukatike. Kila lita ni kilo moja, na uzito wa ndoo tupu uongezwe. Kanuni ya mafundi wengi ni kwamba upote mzima ubebe angalau mara nne ya uzito wa kuvuta. Tuseme upinde huvutwa kwa kilo 20 na uzi mmoja hubeba kilo 3. Mnahitaji upote wa kubeba kilo 80, yaani nyuzi 27, na kwa kuwa kusokota hupunguza nguvu kidogo, tieni 30, katika mashada matatu ya nyuzi kumi kumi. Dacron ya kweli huivuka kanuni hiyo kwa mbali, kwa sababu upinde wa kilo 20 kwa desturi hutiwa nyuzi 12 au 14, ambazo zingeweza kubeba karibu kilo 300. Huo si ubadhirifu. Upote mwembamba mno hurefuka kupita kiasi, huuma vidole, hukata mti kwenye mikato ya nchani, na mkato wa mshale, ule wa nyuma unaokaa juu ya upote, huupwaya.

Vitanzi vya nchani visokotwe ndani ya upote wenyewe, mikia ya nyuzi ikirudishwa na kupotwa pamoja na mashada, kwa sababu fundo la kawaida huweza kupunguza nguvu ya uzi kwa theluthi au hata nusu. Ule upinde uliopasuka msiurudishe uwanjani kwa kuuzongea kamba. Utafaa kuning'inizwa ukutani.

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mzee wa hapa Karatu. Nimewaona Wahadzabe kule Eyasi wakitumia upote wa kano za wanyama, na pinde zao ni kali kweli. Mjukuu wangu anaishi Dar es Salaam na anataka nimtengenezee upinde wa namna hiyo kwa kano za ng'ombe. Je, kano za ng'ombe zinafaa, na nizitengeneze vipi? — Mzee msomaji, Karatu

Shikamoo mzee wetu. Kano za ng'ombe zinafaa sana, na katika nyuzi zote za asili hakuna inayonipendeza zaidi, ingawa nina shaka kuhusu Dar es Salaam, na nitaieleza.

Wahadzabe wa bonde la Eyasi si peke yao. Wawaata wa nyika ya Tsavo, ambao zamani walisifika kwa kuwinda tembo kwa mishale yenye sumu, walikuwa na pinde nzito kupita karibu zote zilizojulikana Afrika Mashariki, na upote wao ulikuwa wa kano za wanyama, zile za twiga zikiheshimiwa hasa. Ukano ni mkusanyiko wa nyuzinyuzi ndefu za protini zilizolala upande mmoja. Hubeba mzigo mkubwa, na hurefuka kiasi kidogo kinachomeza mshtuko, kisha hurudi. Kwa upinde wa mti mtupu tabia hiyo inafaa mno, na si ajabu kwamba jamii zilizoishi mbalimbali kabisa, kuanzia nyika zetu hadi nchi za baridi za kaskazini mwa dunia, zilitumia kano kwa kazi ile ile.

Twiga usimtafute. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania kumuua au kumiliki sehemu ya mnyamapori bila kibali ni kosa, hata kama nyama yenyewe ililiwa na fisi. Nenda machinjioni. Omba ukano wa nyuma ya mguu wa nyuma, unaoshuka kisiginoni, au utepe mweupe mpana unaolala juu ya nyama ya mgongo. Wa mguu ni mfupi na mgumu kuchambua, wa mgongo ni mrefu na huchanika kwa urahisi. Kwa mtu anayeanza, wa mgongo una nafuu. Wachinjaji wengi huvitupa vyote viwili, na hawatakutoza kitu isipokuwa wakigundua kwamba unavihitaji.

Ondoa nyama na mafuta yote kwa kukwangua, kisha uanike kivulini penye upepo, mahali ambapo mbwa na panya hawafiki. Ukishakauka na kuwa mgumu, uponde kwa nyundo ya mti juu ya gogo. Chuma juu ya jiwe hukata nyuzinyuzi. Utaanza kuachana wenyewe, nawe utauchana kwa vidole mpaka upate nyuzi nyembamba. Zilowanishe kidogo, hata kwa mate kama wazee walivyofanya, kisha uzipote katika mashada mawili au matatu, ukiongeza uzi mpya kila mmoja unapokaribia kwisha, bila kuacha nyuzi mbili zikome mahali pamoja, kwani hapo ndipo upote utakapokatikia. Maji yawe ya baridi au ya vuguvugu tu. Ukano uliotiwa katika maji ya moto wa kiasi cha nyuzi joto 60 na kupanda hujikunja, hugeuka gundi na hauna kazi tena. Ukimaliza, uvute kati ya miti miwili na uuache ukauke ukiwa umekazwa, ndipo uupake nta ya nyuki au mafuta kidogo ya mnyama.

Shaka yangu, mzee, ni hewa ya pwani. Ukano hunywa unyevu, na ukishaunywa hurefuka na kulegea. Eyasi na Tsavo ni nchi kavu sehemu kubwa ya mwaka, na mwindaji wa huko mvua ikinyesha huuficha upote wake. Dar es Salaam hewa ina unyevu mwingi hata siku isiyo na mvua, na upote wa kano utahitaji kukazwa upya kila mara. Wakati wa masika hautatumika kabisa. Nta husaidia, lakini haizuii. Kwa hiyo ningekushauri umtengenezee mjukuu upote wa kano kwa ajili ya heshima ya upinde na wa kuufurahia akija Karatu, pamoja na mwingine wa poliesta wa kutumia huko aliko. Zote mbili ziwe na urefu mmoja, ili nafasi kati ya mshiko na upote isibadilike. Amwonye pia mwenye nyumba kuhusu wadudu, maana wale walao ngozi na nywele hupenda ukano vilevile.

Mhariri, huku Tanga tumezungukwa na mkonge. Inawezekanaje tuagize nyuzi za upote kutoka ng'ambo? Kamba ya katani haifai? — Msomaji, Tanga

Ndugu msomaji, hoja yako ina uzito, lakini kamba ya katani ya dukani haifai. Imesokotwa kwa ajili ya kufungia mizigo: nyuzi zake ni fupifupi na zimechanganywa, imesokotwa kwa ulegevu, na ili ifikie nguvu ya kutosha italazimika kuwa nene kiasi kwamba mkato wa mshale hautaingia.

Nyuzi zenyewe ni suala jingine. Mkonge wa mashambani, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 na ambao uchumi wa Tanga ulijengwa juu yake, hutoa singa zenye urefu wa karibu mita moja, zinazorefuka kidogo sana. Udhaifu wake ni ukakamavu: singa hazipendi kupindwa kwa kona kali wala kusuguliwa, na upote hupindwa na kusuguliwa mahali pale pale kila mshale unaporushwa. Mkonge wa porini, ule uliojulikana kwa jina la jenasi Sansevieria (siku hizi umewekwa katika Dracaena) wenye majani mazito yenye mabaka, una nyuzi laini zaidi, na Waafrika wa sehemu nyingi wameutumia kwa pote za pinde na mitego tangu kale. Kama nyote mna subira ya kuukwangua, anzeni na huo.

Wala mtu asikuambie kwamba nyuzi za mimea ni za pinde dhaifu. Meli ya kivita ya Uingereza, Mary Rose, ilizama mwaka 1545 ikiwa na shehena ya pinde. Mwili wake ulipoinuliwa mwaka 1982, zaidi ya pinde 130 nzima zilikuwa zimepatikana, na nyingi zinakadiriwa kuvutwa kwa kilo 45 na kupanda, hata kilo 70 au zaidi. Pote zake ziliozea baharini, lakini Waingereza wa zama hizo walizitengeneza kwa kitani na kwa hempu, mmea wa jamii moja na bangi, na mikato ya mishale iliyookolewa ina upana wa milimita 3 hivi tu. Upote wa unene huo uliweza kuhimili pinde ambazo wengi wetu hatungeweza kuzivuta nusu. (Hempu usijaribu kuipanda nyuma ya nyumba, maelezo kwamba ni kwa ajili ya upinde hayatakusaidia kituoni.)

Kitani ndicho ningekipendekeza kwa anayetaka upote wa mmea bila kuhangaika, kwa kuwa uzi wake hupatikana kwa washonaji wa ngozi na wa vitabu. Hurefuka kwa asilimia 2 au 3 tu kabla ya kukatika, kwa hiyo mshale hutoka kwa kasi nzuri, lakini upote haukuonyi sana kabla ya kukatika. Tofauti na hariri na kano, kitani kikilowana hakipungui nguvu. Kinachokiua ni kuoza kikiwekwa kikiwa na maji, na kukauka kupita kiasi hadi kikawa dhaifu kwenye vitanzi. Nta ya nyuki hukilinda dhidi ya yote mawili. Kwa nyuzi za mimea zote, mkonge ukiwamo, mimi hutumia kanuni ya mara tano ya uzito wa kuvuta badala ya mara nne, kwa sababu singa za mmea hazilingani kama nyuzi za kiwandani.

Assalaam alaykum Mhariri. Niko Muscat, nimenunua upinde mfupi wa mtindo wa Kituruki, wa fiberiglasi na mbao, wenye upote wa Dacron. Rafiki ameniambia niubadilishe niweke Dyneema, uzi wa kisasa wa kiwandani, ili upate kasi. Je, ni salama? — Msomaji, Muscat

Waalaykum salaam. Inategemea ncha za upinde, na mwenye kauli ya mwisho ni aliyeutengeneza. Nyuzi za jamii ya Dyneema na Spectra, ambazo katika upigaji mishale zilienea tangu miaka ya 1980 kwa jina la Fast Flight, zina nguvu takriban maradufu ya Dacron kwa uzi wa unene unaokaribiana, na hurefuka asilimia 3 au 4 tu kabla ya kukatika. Upote ni mwepesi, haunyooki sana, na mshale huongezeka kasi kidogo. Usitarajie upinde mwingine. Gharama yake ni kwamba mshtuko ambao Dacron ilikuwa ikiumeza sasa unafika nchani. Kama maelekezo ya mtengenezaji yanaziruhusu nyuzi hizo, au ncha zimeimarishwa kwa pembe, mfupa au tabaka za fiberiglasi, badilisha bila hofu, ila uviongezee vitanzi nyuzi kadhaa ili viwe vinene na visiukate mkato. Kama hayaruhusu, baki na Dacron. Jambo moja la joto la kwenu: usiuache upinde ndani ya gari, kwani nyuzi hizi huanza kujinyoosha pole pole katika joto zikiwa zimekazwa, na gundi ya tabaka za upinde nayo haina urafiki na gari lililofungwa mchana wa Juni.

Pinde za Kiosmani zenyewe, yaani za Waturuki wa zamani, za pembe na kano, zilitumia upote wa hariri, ulio mwepesi na imara, nao uliwahudumia wapiga mishale wa masafa marefu wa Istanbul kwa karne nyingi. Ukimpata fundi wa kuusokota, hariri katika hali ya hewa kavu ni chaguo la heshima.

Ndugu Mhariri, upote ubadilishwe baada ya muda gani? — Mwanafunzi, Bukoba

Mwanangu, usihesabu miezi, kagua uzi. Kila kabla ya kufyatua mshale wa kwanza, pitisha vidole kutoka kitanzi hadi kitanzi. Manyoyamanyoya juu ya upote ni dalili ya ukavu; paka nta ya nyuki na uisugue kwa kipande cha ngozi mpaka iyeyuke na kuingia ndani. Uzi wa kinga uliozongwa katikati ukilegea, uzonge upya, maana huo huvunjika mapema kuliko upote wenyewe na si sababu ya kuutupa. Lakini uzi mmoja wa upote ukikatika, hasa kwenye kitanzi, usiutumie tena, hata kama ulikuwa na nyuzi nyingi zilizobaki. Upote ukikatika wakati wa kufyatua, upinde hurudi bila mshale wa kubeba nguvu yake, na mara nyingi mti hupasuka hapo hapo. Kwa sababu hiyo hiyo usiufyatue upinde mtupu kwa mchezo. Weka upote wa pili ulio tayari, uliokwisha kuvutwa na kujaribiwa kwenye upinde huo, ndani ya podo lako pamoja na kidonge cha nta.